Maneno Mafupi ya Uani: Mchezo wa Herufi kwa Watu wa Nyumba Moja

Likizo za shule zikifika, nyumba zetu za mwambao hujaa watoto, na watoto wakijaa hutafutiwa shughuli. Mojawapo ya shughuli ambazo wazazi wengi huzipenda ni mchezo wa kuunda maneno kwa vibao vya herufi, unaojulikana duniani kwa jina la Scrabble. Wazazi huupenda kwa sababu hauna fujo wala uchafu, na mtoto akiucheza huonekana anasoma. Hayo yote ni kweli. Lakini hebu tazama ni nani waliouzunguka ubao huo. Aghalabu utawaona watoto wa shule, na pengine mjomba aliyepita chuo kikuu. Bibi yao yuko pembeni na ungo wake, anachagua mchele, na hana la kusema. Maneno anayo, kuliko wote waliomo humo ndani, ila mchezo unachezwa kwa Kiingereza na hapana aliyemwuliza.

Mtoto aliyeuzoea mchezo huu hukariri maneno ya herufi mbili, kwa kuwa ndiyo yanayomwokoa anapobanwa. Anajua kuwa qi ni neno, nalo asili yake ni Kichina. Anajua pia kuwa za ni neno, ufupisho wa kimtaani wa pizza kule Marekani. Mwulize mtoto huyo huyo akutajie maneno kumi ya Kiswahili yenye herufi mbili, atasita baada ya matatu au manne. Ile za ya "habari za asubuhi", ambayo huitamka kila siku anapomwamkia jirani, haimjii akilini kuwa nayo ni neno, na kwamba kwa lugha yake ina kazi kubwa kuliko kipande cha mkate wenye jibini.

Ndugu msomaji, makala haya ni ya kuonyesha kwamba mchezo huu waweza kuchezwa kwa Kiswahili, na ukachezwa vyema, endapo mambo mawili yatatengenezwa. La kwanza ni vibao vyenyewe. La pili ni kumweka mtu mzima wa nyumba mahali pake, awe ndiye hakimu wa maneno. Tukifanya hivyo, neno fupi litakuwa njia ya kuwakalisha pamoja watu wa rika tatu ambao siku hizi hukaa chumba kimoja kila mmoja na lake.

Sanduku lililokatwa kwa kipimo cha wengine

Aliyeubuni mchezo huu ni Mmarekani aitwaye Alfred Butts, msanifu majengo aliyepoteza kazi wakati uchumi wa nchi yake ulipoanguka katika miaka ya 1930. Alikaa akahesabu herufi katika kurasa za magazeti, akaona zipi hutumika mara nyingi na zipi ni adimu, kisha akazigawa kwenye vibao kwa hesabu hiyo. Mwaka 1948 mwenzake, James Brunot, akausajili kwa jina la Scrabble. Hesabu ile ya Butts ndiyo iliyomo hadi leo ndani ya sanduku la Kiingereza: vibao 100, viwili kati yavyo vikiwa vitupu. Herufi E ina vibao 12, A ina 9, I ina 9, O ina 8 na U ina 4. K ina kibao kimoja tu.

Sasa chukua sanduku hilo ujaribu kuandika methali moja anayoijua kila mtoto: haba na haba hujaza kibaba. Ina herufi 22. Kati ya hizo, A pekee ni 9, maana yake umekwisha kumaliza A zote zilizomo ndani ya sanduku zima, na hujapata hata ya kuandikia mama. B zinahitajika 4, nazo sandukuni zimo 2. H zinahitajika 3, nazo zimo 2. Ukitaka kuandika kuku, utakwama kwenye K ya pili. Ukitaka kuandika wazazi, utakwama kwenye Z ya pili. Na huku umekwama, mkononi umeshika Q na X ambazo hazina nyumba katika Kiswahili hata kidogo, na C ambayo haikai peke yake bila H.

Sababu yake ni umbile la lugha. Silabi ya Kiswahili hupenda kuishia kwa irabu, na maneno yetu karibu yote huishia hivyo. Katika methali ile, irabu ni 11 kati ya herufi 22, nusu kwa nusu. Katika sanduku la Kiingereza irabu ni vibao 42 kati ya 100, na zilizo nyingi ni E, ambayo kwetu haitumiki kwa wingi huo. Basi mtoto anayejaribu kucheza Kiswahili kwa vibao vya Kiingereza hushindwa upesi, kisha hudhani lugha yake ndiyo yenye upungufu. Upungufu uko kwenye sanduku.

Tengenezeni vibao vyenu

Dawa yake ni rahisi na haina gharama. Karatasi ngumu ya boksi la biskuti au la viatu yatosha. Ikateni vipande 100 vya mraba, na mwandike herufi kwa kalamu nzito. Mgao wa kuanzia waweza kuwa huu:

A vibao 18, I 10, U 9, E 6 na O 5. Hizo ni irabu 48.
N vibao 7, K 6, M 6, W 5, H 4, L 4 na T 3.
B, R, S, Y na Z vibao viwili viwili.
CH, D, F, G, J, P na V kibao kimoja kimoja.

Mtaona kuwa CH imeandikwa kwenye kibao kimoja, kwa kuwa C haina kazi nyingine. Sauti nyingine za herufi mbili kama sh, dh, th, gh na ny ziacheni ziundwe kwa vibao viwili; alama zake zitapatikana huko huko. Kwa upande wa alama, irabu ziwe na alama 1 kila moja. Konsonanti zenye vibao vitatu au zaidi ziwe na alama 2, zenye viwili ziwe na alama 3, na zenye kimoja ziwe na alama 5.

Mgao huu si amri. Njia iliyo bora ni kufanya kama alivyofanya Butts: wapeni watoto ukurasa mmoja wa kitabu cha Kiswahili wahesabu herufi zake, mmoja ahesabu A, mwingine K, mwingine M, kisha mlinganishe na kurekebisha. Hesabu hiyo peke yake ni shughuli ya alasiri nzima, na mtoto akiimaliza atakuwa ameijua lugha yake kwa namna ambayo hakuwahi kuifikiria.

Ubao nao waweza kuchorwa kwenye kadibodi kwa rula: mistari iwe na visanduku 15 kwenda na 15 kushuka. Kila mchezaji huchukua vibao saba bila kuvitazama. Neno la kwanza hupita katikati ya ubao, na kila neno linalofuata lazima liguse herufi iliyokwisha kuwekwa.

Neno fupi hutafutwaje?

Mchezaji mgeni hutamani neno refu. Hukaa na vibao vyake akisubiri herufi moja ya kukamilisha "mwanafunzi", na wenzake wanampita. Mchezaji mzoefu hutazama kwanza neno dogo linaloingia mahali penye nafasi finyu. Ziko njia chache za kulitafuta.

Ya kwanza ni kuyajua maneno ya herufi mbili. Kiswahili kinayo: ni, si, na, wa, ya, za, la, je, au, ua, oa. Ukikubali mizizi ya vitenzi kama inavyoandikwa na kamusi, yaingia pa, fa na ja. Neno la lina faida maradufu, kwani ni la "jina la mtoto", ni la ya kukataa kwa adabu, na pia ni mzizi wa kula.

Ya pili ni kuzungusha konsonanti mbele ya irabu mbili. Chukua ua, neno la herufi mbili tu. Ua ni asumini na waridi. Ua ni uzio, na pia uwanja wa ndani ya nyumba, pale uani ambapo mama zetu wamepikia, wamefulia na wamesukana nywele miaka nenda miaka rudi. Ua pia ni kitenzi cha kutoa roho. Sasa weka herufi moja mbele yake, upite abjadi yote. Utapata bua, ambalo ni shina la mtama au muhindi, dua, tunayoombeana, fua, kazi ya nguo, hua, ndege wa jamii ya njiwa, jua, kua, anavyofanya mtoto, mua, tunaoutafuna, pua, tua, lifanyavyo jua jioni, vua, afanyavyo mvuvi, na zua, afanyavyo mwenye maneno mengi. Hayo ni maneno 11 kutokana na shina la herufi mbili, na kila moja laweza kuwekwa ubaoni kwa kibao kimoja tu endapo ua limo tayari.

Fanya vivyo hivyo kwa aa: faa, jaa, kaa, paa, saa, taa, vaa, zaa. Hapa uzuri uko kwenye maana. Kaa ni kitendo cha kuketi, ni mnyama wa pwani mwenye magando, na ni kipande cha makaa cha jikoni. Paa ni sehemu ya juu ya nyumba, ni mnyama wa porini, ni kupanda angani, na ni kuondoa magamba ya samaki. Taa ni ya kuangazia, na kwa mvuvi ni samaki mpana mwenye mkia mrefu. Jaa ni kitendo cha kujaa, na kwa watu wa zamani ni mahali pa kutupia taka. Mtoto aliyekulia ghorofani huenda akajua maana moja katika kila neno. Nyingine anazo bibi yake.

Ya tatu ni kwa siku ambayo huna irabu. Mkononi umeshika M, N, T, Z, B na irabu moja tu. Kwa Kiingereza ungekata tamaa. Kwa Kiswahili, M na N hukubali kusimama mbele ya konsonanti zikawa silabi kamili, kwa hiyo irabu moja yatosha: mtu, mti, mto, mbu, mja, mfu, mvi, mno, nge, nzi, nta, nne, nchi.

Ya nne ni kinyume chake, pale irabu zilipokuzidi. Kimbilia maneno yanayoanzia kwa irabu: aya, ada, eda, ila, ini, ota, ona, oka, uji, uso, uzi, uta, ufa. Na usiisahau omo, sehemu ya mbele ya jahazi, ambayo mwenzake ni tezi, sehemu ya nyuma. Aliyezaliwa na baharia atacheka akiona mtoto wa shule anabisha kuwa omo si neno.

Njia hizi hufaa pia kwa yale mafumbo ya visanduku yanayochapishwa magazetini na katika vitabu vya shule. Ukiona nafasi ya herufi tatu, ya katikati ikiwa I na ya mwisho ikiwa A, usikisie ovyo. Pita konsonanti moja moja: fia, lia, nia, pia, tia, via. Kisha rudi kwenye kidokezo uone lipi linaafiki.

Kinyume na vina: mchezo si mgeni kwetu

Wako watakaosema kuwa kucheza na herufi ni mambo ya wageni. La hasha. Watu wa mwambao wamechezea maneno tangu hapo kale, ila wao walihesabu silabi. Walikuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ambazo irabu zake huwekwa kama alama juu na chini ya herufi, na kwa hiyo sikio lilipima neno kwa silabi zake. Ndiyo maana mshairi huhesabu mizani. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, nane kwa nane, na kila kipande kina kina chake. Mshairi aliyebakiwa na mizani mbili na anahitaji kina cha "-ti" anafanya kazi ile ile ya mchezaji wa vibao: anatafuta neno fupi lenye mwisho fulani. Ataliona mti, ataliona kiti, ataliona uti, atachagua lenye maana inayomfaa. Naye anajua jambo ambalo vibao havisemi, kwamba mbu ina herufi tatu na mizani mbili, ilhali mbuzi ina herufi tano na mizani mbili vile vile.

Tulikuwa na kinyume pia, lugha ya siri ya kupindua silabi, ambayo watoto na wanawake waliitumia kusema mbele ya asiyetakiwa kusikia. Edward Steere, katika kitabu chake juu ya Kiswahili cha Unguja kilichotoka mwaka 1870, aliandika mifano ya lugha hiyo, ambapo silabi ya mwisho huletwa mbele. Aliyeyazoea mazungumzo hayo hana shida na vibao. Akiona wali, anaona liwa, ule mti wa manukato unaosagwa kwa ajili ya uso wa mwari. Akiona siku, anaona kusi, upepo unaotoka kusini na kurudisha majahazi. Akiona lima anaona mali, na jambo hilo lina mafundisho yake. Akiona kazi anaona zika. Akiona tatu anaona tuta. Akiona paa anaona apa, na akiona kaa anaona aka, yaani kujenga kwa mawe na chokaa kama afanyavyo mwashi.

Kwa hiyo ukimfundisha mtoto mchezo huu kwa Kiswahili, humletei jambo geni. Unamrudishia jambo lililokuwa la bibi wa bibi yake, likiwa limevaa kanzu nyingine.

Nani hakimu?

Hapa ndipo penye ugomvi, na mchezo wowote wa maneno hupimwa kwa namna unavyoamua ugomvi wake. Mtoto ameweka nti. Dada yake anapinga: kamusi ya shule inasema nchi. Je, neno likubaliwe?

Tukumbuke historia kidogo. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika mjini Mombasa uliamua kuwa lahaja ya Unguja ndiyo iwe msingi wa Kiswahili cha vitabuni. Kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930, na kamusi iliyosimamiwa na Frederick Johnson ikatoka mwaka 1939. Uamuzi huo ulikuwa na manufaa yake, kwani leo Mkenya na Mtanzania husoma kitabu kimoja wakaelewana. Lakini haukuyafuta maneno yaliyokuwa yakisemwa Mombasa, Lamu, Siu na Pate. Anayesema nti kwa nchi, ndia kwa njia, mtele kwa mchele na mato kwa macho hakosei. Anasema Kimvita au Kiamu, lugha iliyotungiwa mashairi kabla ya kamusi zote hizo kuchapwa. Hata maneno mapya yametoka kwenye hazina hiyo: Sheikh Ahmed Nabhany wa Lamu, alipotafuta jina la televisheni, alichota katika maneno ya kale ya mwambao akaunda runinga, na leo neno hilo limo katika vitabu vya shule kote nchini.

Kanuni tunayoipendekeza ni hii. Neno likubaliwe ikiwa limo katika kamusi, au ikiwa mtu mzima aliyekuwepo atalishuhudia. Kwa vyovyote vile, aliyeliweka lazima aseme maana yake na kulitungia sentensi. Akishindwa, akiondoe kibao chake. Watoto nao waambiwe wazi kuwa kwenye mtihani wataandika nchi na njia. Nyumbani wanayo haki ya maneno ya nyumbani.

Sharti la maana halikuwekwa kwa ajili ya kuwatesa watoto. Katika mashindano makubwa ya Scrabble maana haihitajiki kabisa. Nigel Richards, mzaliwa wa New Zealand, alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 bila ya kuweza kuzungumza Kifaransa. Alikuwa ameyakariri maneno ya kamusi kama mtu anavyokariri nambari. Mwaka 2024 akafanya vivyo hivyo kwa Kihispania. Ni kipaji cha ajabu na hatumpunguzii heshima yake. Lakini mtoto wetu akikariri eda kama herufi tatu zenye alama zake, asijue kuwa ni kipindi anachokaa mke aliyefiwa au aliyeachwa, atakuwa amepata alama na amekosa neno. Akiliweka, kisha bibi akamweleza, na pengine akamsimulia jinsi alivyokaa eda yake mwenyewe, nani alimletea chakula na nani alimsomea, hapo neno limeingia. Halitatoka tena.

Na hilo ndilo linalopotea tusipolishughulikia. Bibi hatakaa kitako siku moja akaamua kumfundisha mjukuu maana ya omo, bua, jaa na aka. Maneno hayo hayafundishwi kwa somo. Hutoka pale kitu kinapoyaita. Zamani vilivyoyaita vilikuwa jahazi bandarini, shamba la mtama na ukuta unaojengwa. Vitu hivyo vimepungua, na watoto wengi hawavioni. Kibao cha karatasi chenye herufi tatu chaweza kuyaita badala yake.

Adabu za barazani

Machache ya kuzingatia ili mchezo udumu na nyoyo zisichafuke.

Pasiwekwe pesa wala kitu cha kushindaniwa. Dau likiingia, mchezo umegeuka kamari, na hukumu ya kamari inajulikana.

Adhana ikiadhiniwa, vibao viachwe vilivyo. Ubao haukimbii.

Majina ya watu na ya miji yasitumiwe. Kanuni hii ipo kila mahali mchezo unapochezwa, na huondoa mabishano mengi.

Mtoto asiyejua kusoma vizuri apewe kadi za silabi badala ya herufi: ba, be, bi, bo, bu, na kuendelea. Kwa silabi mbili ataunda neno kamili, na atakuwa anajifunza kusoma bila kuambiwa kuwa anasoma.

Mtu mzima asiyeona vizuri, au asiyejua herufi hizi kwa kuwa alisomea chuoni kwa herufi za Kiarabu, asiachwe nje. Mjukuu mmoja awe jicho lake, amsomee vibao vyake kwa sauti ya chini. Bibi atoe neno, mjukuu aliweke. Timu ya namna hiyo ni ngumu kushindwa.

Na asichekwe aliyeweka neno lisilokuwepo. Aulizwe alilisikia wapi. Mara nyingine mtoto huwa amelisikia neno la kweli kwa nusu sikio, na likifuatwa hupatikana.

Fumbo la juma hili

Kwa kuanzia, kaeni pamoja jioni moja na herufi hizi saba: A, A, I, K, L, T, U.

Kwanza, tafuteni maneno ya Kiswahili yenye herufi tatu. Yapo zaidi ya kumi. Kila anayetaja neno aseme na maana yake. Pili, tafuteni neno moja la herufi tano: ni ua lenye harufu nzuri, ambalo wanawake wa mwambao hujipambia. Tatu, bila kutazama jawabu, mwulizeni mtu mzima aliyepo nyumbani ni lini mara ya mwisho alilivaa ua hilo, na nani alimpa.

Jawabu la sehemu ya kwanza: aka, ila, ita, kaa, kiu, kua, lia, taa, tia, tua, tui, uta, uti. Jawabu la sehemu ya pili: kilua. Jawabu la sehemu ya tatu limo nyumbani mwenu.